LSI 9211-8i ndani ya Proxmox: kadi kuukuu inayoikabidhi TrueNAS diski zake

Habari za wakati huu, watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani nina kadi ambayo mmekuwa mkiiulizia sana: LSI 9211-8i, kadi ya kuunganishia diski nyingi kwenye kompyuta. Ngoja niisogeze karibu na kamera. Upande huu mnaona soketi mbili za chuma zimekaa bega kwa bega. Kila soketi inabeba diski nne, kwa hiyo kadi nzima inabeba diski nane. Hapa katikati kuna bati la kupozea, dogo tu, na chini yake ndipo ilipokaa chipu yenyewe, SAS2008. Huku chini meno ya kuichomeka kwenye sloti ya PCIe ya ubao, njia nane. Imeisha. Haina betri, haina kumbukumbu yake ya akiba, wala haijui kuunda RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja, ikiwa imewekewa femwea (programu ya ndani ya kadi) tunayoitaka. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo, na nitawaeleza.

Wengi wenu mnaonifuatilia mnapiga video za harusi na sendoff. Mna mafaili makubwa yaliyotapakaa kwenye diski za nje, kila moja na kibandiko chake, na mteja wa mwaka juzi akirudi kuomba picha zake inakuwa kazi ya kupekua droo. Swali mnalouliza ni hili: naweza kuwa na mashine moja inayohifadhi mafaili yote kwa usalama, na papo hapo ikaendesha kazi nyingine? Unaweza. Ila hifadhi hiyo itakaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na namna utakavyoikabidhi diski ndiyo itakayoamua kama umejenga kitu cha kukaa nacho miaka au umejitafutia kilio.

Mashine ninayotumia leo ni HP Z440, zile kompyuta za wahandisi zinazoingia Kariakoo zikiwa zimetumika Ulaya. Ndani ina Xeon E5-1650 v3 ya kori 6, na ram gigabaiti 64 za ECC. ECC ni ram inayojisahihisha makosa madogo, na kwa seva ya hifadhi naipa uzito mkubwa kuliko kasi ya prosesa. Juu yake nimeweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, kwenye SSD ndogo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ubao. Ndani ya Proxmox kuna mashine pepe ya TrueNAS, mfumo wa kuhifadhi mafaili, na kadi hii pamoja na diski nne za terabaiti 4 ni mali ya TrueNAS peke yake.

Kwa nini kadi nzima, na si diski mojamoja? TrueNAS inahifadhi data kwa ZFS, mfumo uliotokea kampuni ya Sun Microsystems na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2005. ZFS inakiandikia kila kipande cha data alama ya uhakiki. Ikisoma, inakokotoa upya na kulinganisha. Alama zikitofautiana inajua diski imesema uongo, inachukua nakala nzuri kutoka diski pacha, inakupa wewe iliyo sahihi, kisha inarudi kuirekebisha ile mbovu. Ili ifanye kazi hiyo vizuri inataka kuongea na diski yenyewe bila mkalimani katikati: ijue namba yake, joto lake, sekta zake zilizokufa, na ikiamuru data iandikwe, iwe imeandikwa kweli.

Sasa tazameni kioo hapa. Hii ni TrueNAS nyingine ya majaribio niliyoipa diski kwa njia ya mkato, yaani Proxmox imezichukua diski na kuzipitisha kama diski pepe. Soma jina la modeli: QEMU HARDDISK. Zote hivyohivyo. Joto halipo, ripoti ya afya ya SMART haipo, na namba ya diski haionekani mpaka uiandike mwenyewe kwa mkono. Siku diski moja ikianza kuzeeka, mfumo uliouweka ukulinde hautaona dalili yoyote. Nikihamia kwenye ile yenye kadi, hii hapa: modeli halisi, namba ileile iliyochapwa kwenye kibandiko cha diski, nyuzi joto, saa ilizofanya kazi. Tofauti ya kurasa hizi mbili ndiyo bei ya kadi.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana. Kwa kuwa diski zimeandikwa moja kwa moja na ZFS, hazijafungwa na Proxmox. Ubao ukiungua kesho, nachomoa kadi na diski zangu nne, nazichomeka kwenye kompyuta nyingine, naweka TrueNAS bila Proxmox kabisa, naagiza ifungue lile kundi la diski, na mafaili yote yapo. Nikiwa na nakala ya faili la mipangilio ya TrueNAS pembeni, hata watumiaji na mafolda ya mtandaoni yanarudi kama yalivyokuwa. Kwa mtu anayetunza kazi za wateja hilo ni jambo kubwa mno.

Haya, kununua. Hapa naomba utulivu, maana ndipo watu wanapopoteza pesa.

La kwanza, femwea. Chipu hii huja na moja ya femwea mbili. Ipo IR, inayojua kuunda RAID, na ipo IT, ambayo kazi yake ni kupitisha diski kama zilivyo. Unataka IT. Kadi za IBM M1015 na Dell H310 zina chipu ileile na mara nyingi bei yake ni nafuu, lakini zinatoka na femwea zao za RAID, kwa hiyo lazima mtu azibadilishe kabla. Usiamini maneno ya tangazo. Ikifika, andika amri `sas2flash -list` na utazame mistari miwili. Toleo la femwea lisome 20.00.07.00, na kitambulisho chake kisome 0x2213, kikifuatiwa na herufi IT. Ukiona IR hapo, mrudie muuzaji au tafuta fundi wa kuibadilisha kabla hujaweka data hata moja.

La pili, usiuziwe kadi ya kizazi cha nyuma yake, yenye chipu ya 1068E. Kwa macho ni ndugu, lakini ile haioni zaidi ya terabaiti 2 kwa diski. Unachomeka diski ya terabaiti 4 na nusu yake inapotea.

La tatu, kebo. Hizi za soketi moja kwenda diski nne ziko aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja imefungwa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, nyingine imefungwa kinyume, kutoka soketi nne za ubao kwenda kwenye kasha la diski. Ukinunua ya kinyume, diski haitaonekana hata moja, nawe utaanza kuilaumu kadi bure. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba upande wa kadi ndio wenye soketi kubwa ya SFF-8087, na diski za SATA ziko mwisho wa pili.

Na kama una H310 na kompyuta imekataa kuwaka kabisa ukishaichomeka, kadi haijafa. Baadhi ya bao zinagongana nayo kwenye pini B5 na B6. Kuna watu wengi wamezifunika pini hizo mbili kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, na mashine ikawaka.

Joto sasa. Kadi hii ilibuniwa kukaa ndani ya seva za chumba chenye kiyoyozi, zenye feni zinazopiga kelele kama jenereta. Ukiiweka kwenye kompyuta tulivu ya mezani, hapa Dar, mwezi wa Februari, lile bati dogo halitoshi. Linashika moto kiasi kwamba huwezi kuweka kidole. Kadi ikizidiwa, diski zinaanza kutoa makosa au kupotea zenyewe katikati ya kazi, na mtu anadhani diski zimekufa. Nimefunga feni ya milimita 40 juu ya bati kwa skrubu ndefu, na feni ya mbele ya kompyuta inapuliza kuelekea huku. Feni hii si ya hiari. Ihesabu kama sehemu ya bei ya kadi.

Tuingie kwenye kuiweka. Kwanza BIOS, mipangilio ya ubao kabla mfumo haujawaka: washa VT-x na VT-d, zote mbili. Ya pili ndiyo inayoruhusu kifaa kukabidhiwa kwa mashine pepe, na kwenye HP hizi imewekwa upande wa mipangilio ya usalama, ndiyo maana wengi hawaioni. Wenye AMD mtatafuta IOMMU, ndilo jina la uwezo huohuo.

Ndani ya Proxmox, ongeza `intel_iommu=on iommu=pt` kwenye mstari wa kuwasha kerneli, kiini cha mfumo. Kerneli za karibuni zinawasha hiyo ya kwanza zenyewe, lakini kuiandika hakudhuru kitu. Angalia tu mashine yako inawakaje: kama inatumia GRUB (programu ya kuwashia mfumo) utahariri `/etc/default/grub` kisha `update-grub`, kama uliweka Proxmox juu ya ZFS kwa UEFI (BIOS ya kisasa), huenda inatumia systemd-boot, basi faili ni `/etc/kernel/cmdline`, kisha `proxmox-boot-tool refresh`. Mtu akihariri faili lisilo lake anabaki kujiuliza kwa nini hakuna kilichobadilika.

Baada ya kuwasha upya, tazama kadi imekaa kundi gani la IOMMU. Vifaa vilivyo kundi moja hukabidhiwa pamoja. Kwenye bao za kazi kama hii, kadi inakaa kundi lake peke yake na maisha yanaendelea. Kwenye bao nyingi za bei nafuu utaikuta imechanganywa na kadi ya mtandao au USB. Hapo jaribu sloti nyingine kwanza. Kuna njia ya kuilazimisha kerneli iyatenganishe makundi, inaitwa ACS override, lakini inafanya hivyo kwa kudai utengano ambao ubao wenyewe haujauthibitisha. Kwa seva yenye kazi za watu mimi siikubali.

Sasa hapa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu ndipo data inapoweza kufa. Proxmox nayo inaijua ZFS. Ikiwaka, kiendeshi chake cha mpt3sas kinaweza kuishika kadi, kikaziona diski, na Proxmox ikafungua lile kundi la diski kabla TrueNAS haijaamka. Kisha TrueNAS nayo inalifungua. Mifumo miwili inaandika kwenye diski zilezile, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Uharibifu wake haurekebishiki, na ZFS yenyewe haiwezi kukuokoa hapo.

Dawa ni kuifunga kadi kwa vfio, kiendeshi cha kushikilia kifaa kwa ajili ya mashine pepe, tangu mwanzo kabisa wa kuwaka. Andika `lspci -nn` upate namba yake, na kwa SAS2008 ni 1000:0072. Kisha kwenye faili `/etc/modprobe.d/vfio.conf` weka mistari miwili: `options vfio-pci ids=1000:0072` na `softdep mpt3sas pre: vfio-pci`. Maliza kwa `update-initramfs -u -k all`, washa upya, halafu hakikisha kwa `lspci -nnk`. Tazameni hapa kwangu: chini ya jina la kadi, kiendeshi kinachotumika ni vfio-pci. Mpaka uone neno hilo, usiwashe mashine pepe.

Mashine pepe yenyewe: chagua aina ya q35, UEFI ya OVMF, na prosesa uiweke `host` ili TrueNAS ipate uwezo wote wa prosesa, ukiwemo ule wa kufunga data kwa siri. Diski yake ya kuwakia gigabaiti 32 inatosha, na iwe kwenye SSD ya Proxmox. Ukiongeza kadi, tia alama kwenye PCI-Express na uondoe kwenye ROM-Bar. Hiyo ROM ni ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye diski za kadi, kitu ambacho hatukihitaji, na ikiachwa mara nyingine mashine pepe inagoma hapo mwanzoni.

Ram, zima kule kupanuka na kusinyaa kunakoitwa Ballooning. Ukishakabidhi kifaa halisi, Proxmox inaishika ram yote ya mashine hiyo tangu inapowaka, kwa hiyo ukiandika gigabaiti 32, hizo 32 zimekwenda. Panga kazi nyingine kwa zilizobaki. Na kama Proxmox yako yenyewe iko juu ya ZFS, kumbuka nayo ina akiba yake ya ram, ARC. Kuanzia toleo la 8.1 usakinishaji mpya unaiwekea kikomo cha asilimia 10 ya ram, lakini matoleo ya nyuma ilikuwa inaruhusiwa kufika nusu nzima. Ukiwa na Proxmox ya zamani unaweza kukuta mashine mbili zinagombea ram na hujui kwa nini zinazimwa.

Nikirudi kwenye diski. Nne za terabaiti 4: uzipange vipi? RAIDZ2, mmoja wa mipangilio ya ZFS, inakupa nafasi ya diski mbili na inavumilia kufa kwa diski zozote mbili. Jozi mbili za mapacha zinakupa nafasi ileile, lakini zikifa mbili za jozi moja, kila kitu kimekwenda. Kwenye karatasi RAIDZ2 inashinda. Mimi hata hivyo nimechagua mapacha, kwa sababu kazi za mashine pepe zinasoma huku na kule na mapacha wanastahimili hilo vizuri zaidi. Pia diski ikifa, kujenga upya ni kunakili kutoka kwa mwenzake tu, na siku nikitaka kuongeza nafasi nabadilisha diski mbili badala ya nne. Kama kwako ni kumbukumbu za harusi tu, zinazoandikwa mara moja na kusomwa kwa nadra, chukua RAIDZ2 bila kusita.

Ila usinunue diski za SMR. Hizi huandika mistari ya data ikilaliana, na zikipewa kazi nzito ya kujenga upya zinakwama kabisa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski za WD Red zilikuwa za SMR, na watu wenye ZFS ndio walioumia. Sasa za CMR, yaani zenye mistari isiyolaliana, katika familia hiyo zinaitwa Red Plus. Kwa Seagate, IronWolf.

Kwenye kunoa kasi, mambo yenye faida ni machache. Dataseti ya video (folda ya ZFS yenye mipangilio yake) iwekee recordsize, yaani ukubwa wa kipande cha data, ya 1M badala ya 128K ya kawaida. Mafaili ni makubwa, yanasomwa moja kwa moja, na diski inapumua. Mgandamizo wa lz4 uache umewashwa, haukugharimu kitu cha kuonekana. Atime zima, vinginevyo kila ukisoma faili mfumo unaandika saa uliyolisoma. Usijaze zaidi ya asilimia 80.

Kuna mpangilio mmoja nauogopa: sync. Proxmox ikihifadhi mashine zake kwenye TrueNAS kwa NFS, njia ya kushirikisha mafaili mtandaoni, inadai kila andiko lithibitishwe kuwa limefika kwenye diski, na kwa diski za kuzunguka hilo ni polepole. Mtandaoni utaambiwa zima sync. Kasi itapanda kweli. Lakini umeme ukikatika, sekunde kadhaa za mwisho ambazo mashine zako ziliambiwa zimehifadhiwa, hazipo, na hifadhidata inaweza kuamka imevunjika. Njia halali ni kuongeza SSD ya SLOG, inayopokea haraka maandiko yanayosubiri uthibitisho, yenye kinga ya kukatika umeme. Kwa mafaili ya video kwa njia ya kawaida ya SMB (folda za mtandaoni za Windows), SLOG haikusaidii chochote.

Na kabla hujanunua SSD yoyote ya akiba, tazama mtandao wako. Gigabiti 1 inapitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Diski moja tu ya kuzunguka inaijaza. Kadi hii yenyewe ina njia ya takriban gigabaiti 4 kwa sekunde kwa nadharia, kwa hiyo diski nne haziisumbui. Pesa yako ya kwanza iende kwenye kadi za mtandao za gigabiti 2.5 au 10 na swichi yake.

Ukipima kasi, usitumie amri ya dd na data ya sifuri tupu. lz4 inazigandamiza sifuri hadi zinakaribia kutoweka, unapata namba za ajabu, unapiga picha, unatuma kwenye grupu, na si za kweli. Tumia fio, programu ya kupimia diski, na faili la jaribio liwe kubwa kuliko ram ya TrueNAS, la sivyo unapima ram.

Kuhusu umeme. UPS yangu imeunganishwa kwa USB na Proxmox, si TrueNAS, na programu ya NUT inasimamia. Betri ikikaribia kwisha, Proxmox inaizimisha TrueNAS taratibu, halafu inajizima. Wakati wa kuwaka, TrueNAS ni ya kwanza kwa mpangilio na nimeipa dakika mbili kabla ya mashine zinazotegemea mafolda yake hazijaanza. Bila pengo hilo zinaamka, hazioni hifadhi, zinabaki zimeduwaa.

Nani asinunue? Kama unachotaka ni kuhifadhi mafaili peke yake, weka TrueNAS moja kwa moja kwenye kompyuta, uiache Proxmox, kazi nusu imepungua. Kama diski zako ni SSD tupu, tafuta kadi ya chipu mpya zaidi, mfano 9300-8i yenye SAS3008, kwa sababu SAS2008 ina shida ya kupitisha TRIM, amri ya kuiarifu SSD nafasi zilizofutwa, kwa SSD nyingi za kawaida. Na kama ubao wako una sloti ya NVMe (SSD ndogo ya kuchomeka ubaoni) ya kuwakia Proxmox na soketi za SATA ziko kundi lake la IOMMU, unaweza kuikabidhi TrueNAS kidhibiti cha SATA cha ubao na usinunue kadi yoyote. Kwa mwenye diski za kuzunguka na kompyuta ya mtindo huu wangu, 9211-8i yenye femwea ya IT na feni juu yake ndiyo ningemnunulia ndugu yangu.

Kama makundi ya IOMMU kwenye ubao wako yamechanganyika, niandikie hapo chini jina la ubao na matokeo ya `lspci -nn`, tuangalie pamoja ni sloti gani ya kujaribu.